Mbao inapokutana na jiwe: kutafuta chanzo cha hitilafu za sakafu Lubumbashi

Sakafu inayochanganya mbao ngumu na karo au jiwe huanza kuugua kwenye mstari wa makutano. Katikati ya mbao kunaweza kuwa kuzuri, katikati ya karo vilevile, lakini pale zinapogusana ndipo ufa, uvimbe, doa na mchwa huanzia. Na hapa Lubumbashi mwezi wa mwaka ni sehemu ya ushahidi. Ufa wa Septemba na ufa wa Februari ni mambo mawili tofauti, hata kama upana wao ni ule ule. Ndiyo maana ninamsihi kila mwenye nyumba na kila fundi: kabla ya kuuliza "nizibe na nini?", uliza "ilianza mwezi gani?" Sakafu nyingi nzuri hubomolewa bure kwa sababu swali hilo halikuulizwa.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuurudisha. Hewa ya chumba ikiwa na unyevu wa asilimia 30, mbao hutulia ikiwa na maji yapata asilimia 6 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifikia asilimia 80, mbao hupanda hadi karibu asilimia 16. Sisi tunaishi kati ya pande hizo mbili kila mwaka: kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama haipo, hewa inakauka na vumbi jekundu linaingia kila mahali, kisha Novemba hadi Machi mvua inatawala na hata nguo ndani ya kabati huwa baridi.

Sasa, mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, siyo kwa urefu. Ubao wa milimita 120 ukitoka asilimia 8 hadi 13 za unyevu huweza kuongezeka milimita 1 mpaka 1.5, kutegemea aina ya mti na jinsi ulivyopasuliwa. Kwa urefu, hata ubao wa mita 2 haufikishi nusu milimita. Karo ya kauri haijali mvua kabisa. Joto likipanda digrii 15, mstari mzima wa mita 4 wa karo huongezeka chini ya nusu milimita. Upande mmoja unatembea, mwingine umekaa. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatoka hapo.

Ufa unafunguka kiangazi, unajifunga mvua ikirudi

Hii ndiyo dalili inayoogopesha watu zaidi, na mara nyingi si ugonjwa. Pima kabla ya kuamua. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76: iingize kwenye ufa mwishoni mwa Septemba, andika zinaingia kadi ngapi, kisha rudia Februari mahali pale pale. Ukikuta ufa umejifunga wenyewe, mbao zako zinafanya kazi yake ya kawaida.

Kinachoharibika katika hali hii ni kile kilichojazwa kwenye ufa. Kama fundi alipitisha joini ya simenti, ile ile ya kati ya karo na karo, itapasuka mwaka wa kwanza na kutoka kama unga, kwa kuwa simenti haiwezi kuvutika. Usiongeze simenti juu ya simenti. Ikwangue yote, fyonza vumbi, kisha weka kitu kinachonyooka: mkanda wa lieji, ile ile ya vizibo vya divai, au gundi laini ya poliyurethani yenye rangi inayokaribia mbao. Mwanya wa milimita 5 hadi 8 unatosha kwa chumba cha kawaida. Chini yake sukuma kamba ya sponji kabla ya kujaza, ili gundi ishike kuta mbili tu, ya mbao na ya karo. Ikishika na chini pia, haitakuwa na nafasi ya kunyooka na itachanika katikati.

Upande wa pili ukiwa marumaru au jiwe lingine la chokaa, epuka silikoni inayonuka siki. Asidi yake hula jiwe.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji ni wakati wa kujaza. Ukijaza Septemba, ufa ukiwa umefunguka kabisa, mvua zikija mbao zitaibana gundi na kuisukuma juu kama utambi. Ukijaza Februari, kiangazi kitaichana. Miezi ya katikati, Mei au mwanzoni mwa Juni, ndiyo bora: mbao hazijavimba wala hazijakauka sana.

Lakini ufa usiojifunga Februari, au unaoongezeka mwaka hadi mwaka, ni habari nyingine. Hapo ama mbao zililazwa zikiwa mbichi na sasa zimekauka moja kwa moja, ama gundi ya chini imeachia na mbao zinateleza. Bonyeza ubao wa mwisho kwa kisigino: ukicheza, gundi imeachia. Usipocheza, mbao zilikuwa mbichi.

Namna ya kuzuia mbao mbichi ni kumuuliza muuzaji bila haya: "Papa, huu mti ulikatwa lini, na mbao zilikaushwa wapi?" Jibu la "zilikaa juani" halitoshi. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, siyo mwishoni, ukipime kwa mizani ya jikoni, kisha ukiweke kwenye tanuri ya digrii 103 mpaka uzito uache kushuka. Umeme ukikatika katikati, endelea ukirudi. Kinachohesabika ni uzito wa mwisho. Kipande kilichotoka gramu 230 hadi 200 kilikuwa na maji gramu 30 juu ya 200, yaani asilimia 15. Hiyo bado. Kwa nyumba zetu napendelea kati ya 9 na 12, na mbao zikae ndani ya chumba chenyewe wiki mbili, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kabla ya kulazwa.

Sakafu inanyanyuka Januari

Mvua zimeshika, na kando ya karo kumeota kilima. Wakati mwingine mbao ndizo zinazopanda, wakati mwingine safu ya kwanza ya karo inang'oka na kusimama kama hema. Nguvu ya mbao inayovimba ni kubwa mno. Ikikosa nafasi upande mmoja hutafuta upande mwingine.

Anza mbali na kilima. Nenda kwenye ukuta wa upande wa pili, toa plinti, ule ukanda unaofunika mguu wa ukuta, uangalie nyuma yake. Ukikuta ubao umegusa ukuta, umepata chanzo: hakukuachwa nafasi. Kata ukingo huo kwa msumeno wa mkono upate milimita 10 hadi 15, na usikimbilie kupigilia kilima kwa nyundo wala kukiwekea mzigo mzito. Mbao nyingi hushuka zenyewe baada ya siku kadhaa zikishapata pa kupumulia.

Kama nafasi ya ukutani ipo na bado sakafu imepanda, tafuta kinachozibana: fremu ya mlango iliyoshushwa juu ya mbao, kabati la jikoni lililofungwa kwa skrubu kupitia sakafu, kizingiti cha chuma kilichopigiliwa pande zote mbili. Kizingiti kifungwe upande mmoja tu, wa jiwe, ili mbao ziteleze chini yake.

Kisha chunguza karo. Zigonge kwa mpini wa bisibisi, safu kwa safu. Sauti tupu ikiwa kwenye safu ya kwanza tu, mbao zimezisukuma. Ikiwa imetapakaa chumba kizima, mbao hazina kosa: karo zililazwa juu ya vumbi, au fundi aliweka mabonge matano ya chokaa chini ya kila karo badala ya kutandaza gundi yote kwa mwiko wenye meno, na pembe zote ziko hewani. Utazitoa na kuzilaza upya, hakuna njia ya mkato.

Wanaochora sakafu mpya wangeepuka mengi ya haya kwa uamuzi mmoja: mstari mrefu wa makutano uguswe na ncha za mbao, siyo ubavu wake. Ncha hazitembei. Mwendo wote unaenda kwenye kuta za pembeni, ambako plinti inauficha. Hata ule mchoro unaopendwa sasa, wa karo za pembe sita zinazoingia ndani ya mbao kana kwamba zinamwagika, hudumu vizuri zaidi mbao zikielekeza ncha zake kwenye karo.

Duara la jiwe katikati ya sebule, nyufa upande huu tu

Duara la granite au marumaru lililozungukwa na mbao ni pambo la fahari, na ndilo linalosomeka kwa urahisi kuliko yote. Litazame ukiwa umesimama mwanzo wa mbao, macho yakifuata nyuzi zake. Nyufa zikiwa kulia na kushoto kwa duara, na mbele na nyuma yake hakuna kitu, hiyo ni kusinyaa kwa kawaida kwa upana. Jaza mapengo hayo kama nilivyoeleza juu, na uache mbele na nyuma.

Nyufa zikizunguka duara lote kwa upana sawa, mbao hazihusiki, kwa kuwa haziwezi kusinyaa kwa urefu kiasi hicho. Ama shimo lilikatwa kubwa, ama duara lenyewe limezama. Weka rula ndefu ya chuma juu ya duara na mbao pamoja. Ukiona mwanga chini ya rula upande wa jiwe, shapi, yaani tabaka la simenti na mchanga lililo chini ya jiwe, imeshuka.

Na nyufa zikiwa upande mmoja tu, kulia bila kushoto? Sakafu nzima imesogea. Mbao zimebanwa na ukuta mmoja na zinasukuma kuelekea mwingine. Duara limekuwa kisiki kinachozizuia, na ufa umebaki nyuma yake. Rudi kwenye plinti.

Kwa duara jipya, zungusha fremu nyembamba ya shaba au ya mbao iliyopindwa, iliyogandishwa kwenye jiwe tu. Kati ya fremu na mbao za sakafu acha nafasi ya lieji. Pambo linabaki safi miaka yote, na ufa unapofunguka kidogo unaonekana kama sehemu ya mchoro.

Mbao zimejikunja, kingo juu

Kila ubao umekuwa kama bakuli lililonyooshwa: kingo zimepanda, katikati kumezama. Maana yake ni moja: tumbo la ubao lina maji kuliko mgongo. Kazi ni kujua maji yametoka wapi, na mahali ilipoanza ndipo pa kuangalia. Ikiwa imeanza kando ya karo za jikoni au za bafu na kupungua kadiri unavyoondoka, maji yanapita kwenye makutano. Bomba linavuja, au, na hili hutokea sana kiangazi vumbi linapotulazimisha kupangusa kila asubuhi, mtu anamwaga ndoo kwenye karo na kuyasukuma maji kwa kitambaa mpaka kwenye mbao. Karo zinavumilia, mbao hazivumilii. Anayesafisha aanzie kwenye mstari wa makutano na kusukuma maji kwenda mbali nao, na upande wa mbao apitishe kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoshe.

Ikiwa chumba kizima kimejikunja kwa usawa, shapi haikukauka. Hapa ndipo kazi za mchanganyiko zinapoponza: fundi wa karo anaweza kuanza mapema, na mwenye nyumba anaona ajabu fundi wa mbao kusubiri, basi wote wanaingia wiki moja. Shapi ya simenti hukauka kwa kadirio la wiki moja kwa kila sentimita hadi sentimita 4, na zaidi ya hapo wiki mbili kwa kila sentimita. Shapi ya sentimita 5 inataka wiki sita, na msimu wa mvua madirisha yakiwa yamefungwa inataka zaidi. Bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50 kwa utepe pande zote, iache siku nzima. Ukikuta matone chini yake au shapi imekoza rangi, subiri. Plastiki kavu ni dalili njema, lakini uhakika ni wa kipimo cha kabaidi, kemikali inayochanganywa na kipande cha shapi kuonyesha maji yaliyomo, na kwa mbao mafundi hawavuki asilimia 2 za maji.

Jambo la kushikilia: usipitishe mashine ya msasa juu ya mbao zilizojikunja. Utakata kingo zilizopanda, na mbao zikishakauka zitalala zikiwa zimevimba katikati, na unene uliopotea haurudi. Ondoa chanzo cha maji, fungua madirisha, subiri msimu upite. Nyingi hunyooka zenyewe.

Madoa kwenye jiwe, kando ya mbao

Doa jekundu au la zambarau kwenye marumaru nyeupe jirani na mukula au mulombwa (mninga kwa ndugu zetu wa Tanzania) ni rangi ya mti wenyewe. Vumbi la msasa linaingia kwenye vinyweleo vya jiwe, kisha vanishi au spiriti inaliyeyusha na kulisukuma ndani. Mbao za jamii ya mkongo hutoa rangi ya njano zikiloa. Doa jeusi kijivu kama kivuli kando ya ukingo mara nyingi ni mafuta: mbao zilipakwa mafuta, nayo yakanywewa na jiwe.

Kwa doa la mafuta na la rangi ya mti, kanda pemba, ile udongo mweupe wa sokoni, na asetoni mpaka iwe kama ugali laini. Paka unene wa sentimita moja juu ya doa, funika kwa plastiki, iache siku moja, kisha iondoe na kuangalia. Doa la zamani huhitaji kurudiwa. Jaribu kwanza chini ya kabati, fungua madirisha, zima moto wote. Asetoni isiguse mbao, maana itaondoa vanishi na kuyeyusha rangi upya.

Doa jeusi la buluu juu ya mbao penyewe, kuzunguka kichwa cha msumari, ni chuma kilichokutana na utomvu wa mti na maji. Asidi ya oksaliki hulitoa. Vaa glavu, ni sumu, na funika marumaru vizuri kwa utepe na plastiki kabla ya kuanza, kwa sababu asidi hiyo itaing'arisha mbao na kulila jiwe kwa mpigo mmoja.

Sipendekezi kung'oa mbao kwa sababu ya doa. Mukula iliyokwisha lazwa ni mali. Tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda mimea na wanyama walio hatarini, na kupata mbao za rangi ile ile tena si kazi ndogo. Kwa kazi mpya, utaratibu sahihi ni kupaka jiwe kinga ya vinyweleo kwanza, kulifunika kwa utepe, na ndipo msasa uanze.

Vidole vinajikwaa

Karo ya milimita 9 na gundi yake haifiki unene wa ubao wa milimita 20. Aliyesahau hesabu hiyo ameacha ngazi. Tofauti ya milimita 2 au 3 inasawazishwa kwa kizingiti chembamba chenye mteremko. Zaidi ya hapo ni kuinua upande wa karo kwa shapi nyembamba, na kazi hiyo ingefanyika kabla.

Vipande vidogo vya mbao vinang'oka kati ya karo

Vile vipande vya mraba, sentimita 5 kwa 5, vinavyowekwa kwenye pembe za karo kubwa, huachia kwa sababu vilipachikwa kwa simenti ya karo. Simenti mbichi inavilowesha, vinavimba, vinakauka, vinasinyaa na kuachia. Vitumie vikiwa vimepakwa vanishi pande zote sita, na gundi ya poliyurethani isiyo na maji.

Mstari mwembamba wa udongo kwenye makutano

Hapa usisubiri msimu wowote. Anayeishi katika mji uliozungukwa na vichuguu virefu kuliko mtu hahitaji kuelezwa mchwa ni nini. Njia yao ya udongo, nyembamba kama penseli, hupenda makutano ya mbao na karo kwa sababu mara nyingi chini yake pana mpaka wa zege la zamani na jipya, na ufa wa zege ndio mlango. Choma mbao kwa bisibisi: ikizama bila shida, ndani kumeshaliwa. Tazama ni sehemu gani imeliwa. Ikiwa ni mbao nyeupe ya nje ya mti tu, na moyo wa kahawia umebaki mgumu, uliuziwa mulombwa ambayo weupe wake haukuondolewa; moyo wake huwastahimili mchwa, weupe wake hapana.

Kupulizia dawa juu ya sakafu kunaua wachache wanaoonekana. Inua mbao kwenye eneo hilo, mwite mtu mwenye ujuzi wa dawa za mchwa atibu udongo na ufa wa zege, ziba ufa, na mbao mpya zipakwe borati, dawa ya chumvi inayozuia wadudu, chini na kwenye ncha zilizokatwa kabla ya kulazwa. Gonga pia fremu za milango iliyo karibu.

Malakiti imefifia

Ni haki ya watu wa Katanga kutaka kijani cha malakiti kwenye sakafu yao, kati ya mbao nyekundu kinapendeza kuliko jiwe lolote la kuagiza. Lakini ugumu wake ni 3.5 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs, na mchanga wa barabarani, ambao wingi wake ni kwatzi, ni 7. Kila kiatu kinachopita juu yake kinaikwaruza. Ikiwa imefifia katikati ya njia tu na ukingoni bado inang'aa, ni mchanga. Ikiwa imefifia kote na kuwa na weupe kama wa vumbi, kuna mtu anaisafisha kwa siki, ndimu au dawa ya choo, na asidi inaila.

Kwa hali zote mbili, ing'arishe upya kwa msasa wa maji, kuanzia namba 600, 1200, hadi 3000, ukiweka utepe juu ya mbao za jirani na kukausha maji palepale. Usiisugue wala kuikata kavu: vumbi lake lina shaba na halifai kuvutwa, hivyo maji na barakoa ni lazima. Malizia kwa nta isiyo na rangi. Na ukipata nafasi ya kubadilisha mchoro, hamishia malakiti kwenye ukanda ulio kando ya ukuta, chini ya meza au kabati, na njia ya miguu iachie granite.